Viti vya ubunge vinahamaje? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara, kutoka Kigoma, Tanzania, mwisho wa reli

Maswali haya nimeyaokota kwenye vijiwe vya kahawa Ujiji, kwenye foleni ya maboti pale Kibirizi, na kwa ndugu zangu wa Kasulu ambao hunipigia usiku bando la dakika likikaribia kuisha muda. Nimewahi kuwa wakala wa chama kituoni, kwa hiyo watu wanadhani najua kila kitu. Sijui kila kitu, ila hesabu ya kura nimeikalia mpaka alfajiri. Chama chenyewe sitakitaja. Posho yangu ya chakula ya siku ile bado hawajanilipa.

Kwa kifupi, chama kinaongezaje viti bungeni?

Kinakuwa cha kwanza kwenye majimbo mengi kuliko mara iliyopita. Basi.

Watu wanaruka hapo haraka, nami nawarudisha. Kwetu ubunge wa jimbo anachukua aliyewazidi wenzake, hata kwa kura moja. Hatakiwi kufikisha nusu. Wa pili anarudi nyumbani mikono mitupu, iwe alipitwa kwa kura 20 au kwa kura 20,000. Kwa hiyo chama kinaweza kupendwa zaidi nchi nzima na kisiongeze kiti hata kimoja, na kinaweza kupungukiwa kura kikaongeza viti.

Hiyo ya mwisho unatania. Kura zipungue, viti viongezeke?

Nenda Uingereza, ambako tulirithi utaratibu huu. Mwaka 2019 chama cha Labour kilipata asilimia 32.1 ya kura na viti 202. Mwaka 2024 kilipata asilimia 33.7, yaani kimepanda kidogo sana, na idadi yenyewe ya watu waliokipigia ilishuka kwa sababu waliojitokeza walikuwa wachache. Viti vikafika 411 kati ya 650. Vimezidi mara mbili!

Kilichotokea ni kwamba wapinzani wao wa Conservative walikatwa vipande. Chama cha Reform kiliokota asilimia 14.3 ya kura nchi nzima, nyingi zikitoka kwa watu waliokuwa wakiipa Conservative. Reform wenyewe waliambulia viti 5 tu, lakini kila walipopita walimpunguzia wa kwanza wa zamani, na wa pili wa zamani akapanda. Labour walishinda kwa kusimama palepale huku jirani akibomokewa na ukuta.

Ukishaelewa hilo, mambo ya Kigoma hayatakusumbua.

Kigoma ilikuwaje? Mbona tulikuwa ngome ya upinzani halafu tukawa kijani kitupu?

Mkoa wetu una majimbo manane: Kigoma Mjini, Kigoma Kaskazini, Kigoma Kusini, Kasulu Mjini, Kasulu Vijijini, Buhigwe (iliyokuwa ikiitwa Manyovu), Muhambwe kule Kibondo na Buyungu kule Kakonko. Angalia CCM, chama tawala chenye rangi ya kijani, ilivyotoka:

2010: viti 3 kati ya 8.
2015: viti 6.
2020: vyote 8.

Mtu akitazama namba hizo tu atasema watu wa Kigoma waligeuka. Mimi nasema wapo waliogeuka, ila sehemu kubwa ya safari ile haikuwa ya wapiga kura kugeuka. Tuzichukue moja moja.

Mwaka 2010 NCCR-Mageuzi walipataje viti vinne Kigoma, wakati nchi nzima hawakuwa na kingine?

Swali zuri, na kila mtu wa hapa ana jibu lake. Walishinda David Kafulila Kigoma Kusini, Moses Machali Kasulu Mjini, Agripina Buyogera Kasulu Vijijini na Felix Mkosamali Muhambwe. Hivyo vinne ndivyo vilikuwa viti vyote vya majimbo vya NCCR Tanzania nzima. Cha tano cha upinzani mkoani kilikuwa cha Zitto Kabwe wa CHADEMA, Kigoma Kaskazini, jimbo alilolichukua tangu 2005.

Jibu langu lina sehemu tatu.

Ya kwanza ni ukongwe wa upinzani wenyewe hapa. Kigoma haikuanza juzi. Mwaka 1994, mfumo wa vyama vingi ukiwa bado mchanga, tulikuwa na uchaguzi mdogo uliopelekwa mahakamani na Dk. Aman Walid Kabourou wa CHADEMA, matokeo yakatenguliwa. Mwaka uliofuata Kabourou akaingia bungeni. Mtoto aliyezaliwa wakati wa kesi ile alikuwa kijana wa miaka 16 hivi mwaka 2010, amekua akisikia kwamba kumpigia mpinzani si uhaini. Kuna mikoa ambako hilo lilihitaji kufundishwa. Hapa lilikuwa kama kula dagaa.

Ya pili ni kura za maoni, yaani mchujo wa wagombea ndani ya vyama. Katiba yetu haimruhusu mtu kugombea bila chama. Marehemu Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania suala la mgombea binafsi miaka na miaka, Mahakama ya Rufani ikamkatalia 2010, na Mahakama ya Afrika pale Arusha ikaja kumpa haki 2013, lakini sheria imebaki ilivyo. Matokeo yake ni kwamba mtu mwenye watu wake jimboni, akikosana na chama au jina lake likikatwa vikaoni, anatafuta gari lingine la kupanda. Chama kidogo kinakuwa hilo gari. Kafulila mwenyewe alitokea CHADEMA kabla ya kuhamia NCCR. Kwa hiyo ukisema "NCCR ilipata viti vinne", sema pia kwamba watu wanne walipata chama. Mimi naona la pili lina uzito zaidi.

Ya tatu ni kwamba CCM walikuja na wimbo wa mafiga matatu: rais, mbunge na diwani wa chama kimoja, sufuria isipinduke. Wimbo huo ulivuma sana 2005. Kufikia 2010 watu wa kwetu walishaona sufuria ikikaa juu ya mafiga yote matatu na ndani hamna kitu, barabara ni vumbi, treni inakuja ikijisikia. Wengi wakatoa figa moja makusudi. Kituoni kwangu rais wa CCM aliongoza na mbunge wa CCM akaangukia pua, masanduku yote mawili yakiwa ya watu walewale waliosimama foleni moja.

Mbona viti hivyo vikayeyuka 2015?

Kwa sababu wapinzani waligombania shuka moja.

Mwaka 2015 CHADEMA, CUF, NCCR na NLD waliungana kama UKAWA na kukubaliana kuachiana majimbo, japo si kila mahali walikoheshimu makubaliano. ACT-Wazalendo ya Zitto, aliyetimuliwa CHADEMA mwaka huohuo, ilikuwa nje ya muungano. Sehemu nyingine za nchi ACT haikuwa tishio kwa mtu. Lakini Kigoma ndiyo nyumbani kwake! Hapa ndipo ilipokuwa na kura, na kura hizo hazikutoka CCM peke yake. Machali alikwenda kugombea Kasulu Mjini kwa ACT. Wenzake wakabaki NCCR.

Zitto mwenyewe aliacha Kigoma Kaskazini akaja Mjini, akashinda. Peter Serukamba wa CCM aliyekuwa Mjini akaenda Kaskazini, naye akashinda. Wazee wa Ujiji wanasema walibadilishana majimbo kama watu wanaobadilishana vyumba. Hesabu ya majimbo hayo mawili ikabaki ileile, moja la CCM na moja la upinzani, ila viti vinne vya NCCR vyote vikaenda CCM. Kwa upande mwingine Buyungu, ambayo 2010 ilikuwa CCM, ikachukuliwa na Kasuku Bilago wa CHADEMA. Hilo watu hulisahau: mwaka uleule CCM inapanda mkoani, ilipoteza jimbo moja.

Fikiria jimbo lenye kura 30,000. Huu ni mfano tu, usiende kuutafuta kwenye kumbukumbu za Tume ya Uchaguzi. Uchaguzi wa kwanza CCM wanapata 13,000 na mpinzani mmoja 17,000. Miaka mitano baadaye CCM wanapata 13,000 zilezile, ila wapinzani ni wawili: mmoja 9,000, mwingine 8,000. Hakuna hata mtu mmoja aliyebadili moyo. Kiti kimehama. Gazeti la kesho yake litaandika "CCM yarejesha jimbo", na makada watacheza ngoma barabarani.

Lakini Kafulila alikuwa maarufu nchi nzima. Umaarufu hauna kazi?

Una kazi, ila si ile mnayodhani. Mwaka 2014 Kafulila ndiye aliyelibeba bungeni suala la fedha zilizochotwa kwenye akaunti ya Tegeta Escrow, kashfa kubwa ya miaka ile, na Zitto alikuwa mwenyekiti wa kamati ya hesabu za serikali iliyolichunguza. Jina lake lilikuwa kwenye kila redio. Mwaka uliofuata alishindwa Kigoma Kusini na Hasna Mwilima wa CCM kwa tofauti ndogo, akaenda mahakamani, hakufanikiwa.

Kigoma Kusini ni jimbo la kutisha. Uko Nguruka na Uvinza kwenye reli, halafu unashuka mwambao wa ziwa vijiji vinavyofikiwa kwa boti, mpaka kule Kalya karibu na milima ya Mahale. Mtu wa Sinza, Dar es Salaam, anayekushangilia kwa sababu ya Escrow hapigi kura Kalya. Anayepiga kura Kalya anataka kujua boti ya wagonjwa iko wapi. Umaarufu wa kitaifa unakupa nguvu ukiwa na mtu kwenye kila kitongoji wa kuugeuza kura, na chama kidogo hakina mtu huyo. CCM wanaye. Ana kadi, ana kofia, na mara nyingi ndiye balozi wa nyumba kumi.

Huo ndio mtaji wa CCM ambao wapinzani hupenda kuudharau kwa kusema "ni dola tu". Dola ipo, nitaifikia. Lakini balozi wa nyumba kumi naye yupo, na anaamka saa kumi alfajiri.

Kujitokeza kupiga kura kunabadili viti?

Sana. Mwaka 2005 walijitokeza kama asilimia 72 ya walioandikishwa. Mwaka 2010 wakashuka mpaka karibu asilimia 43. Mwaka 2015 wakapanda tena hadi kama 67. Kura zinapopungua hivyo hazipungui sawasawa kwa kila chama. Wanaobaki nyumbani ni wale waliochoka, na waliochoka mara nyingi ni wapiga kura wa aliyeko madarakani. Kada haachi kwenda. Anayesuasua ndiye anayeacha.

Kwetu kuna la ziwa pia. Unapiga kura pale ulipoandikishwa. Mvuvi wa dagaa anafuata giza. Mwezi ukiwa mchanga yuko ziwani na karabai zake, mbalamwezi ikiwaka anarudi kupumzika na kutengeneza nyavu. Kambi yake inaweza kuwa mbali na daftari lililoandika jina lake. Nimewahi kusimama Kibirizi siku ya kura nikihesabu vijana wanaosema "kitambulisho ninacho, ila kituo changu kiko Buhingu". Nauli ya boti kwenda na kurudi ni chakula cha siku kadhaa. Chama kinachoweza kumlipia mtu huyo boti kimepata kura. Kama hiyo ni rushwa au ni usafiri, muulize mwanasheria.

Na khanga, mchele, chumvi je?

Zamani sheria iliita takrima na kuiruhusu. Mahakama Kuu ikaifuta 2006. Jina lilifutwa. Khanga bado zinagawiwa, na watu wetu wamejifunza kuzipokea kutoka pande zote na kupiga kura wanavyotaka. Sidhani kama khanga inahamisha kiti. Inahamisha umati wa mkutano.

CHADEMA 2010 walikuwa na kura nyingi kuliko CUF, mbona viti vya majimbo CUF waliwazidi?

Kura za ubunge za CHADEMA zilikuwa kama robo ya kura zote, za CUF kama moja ya kumi. Majimbo: CHADEMA 23, CUF 24.

Kura za CUF zilikuwa zimerundikana. Viti 22 kati ya hivyo 24 vilitoka Zanzibar, na Pemba yote, majimbo 18, ilikuwa yao. Majimbo ya kule yana wapiga kura wachache; kura elfu chache zinakupa mbunge. CHADEMA walikuwa wakishinda majimbo makubwa kama Ubungo na Kawe, halafu wanatapanya mamia ya maelfu ya kura kuwa wa pili huku na kule. Chumvi kilo moja ukiitia kwenye sufuria moja utaionja. Ukiitupa ziwa Tanganyika, migebuka hawatajua.

NCCR nao walifaidi mrundikano huohuo, kwa kipimo kidogo. Kura chache kitaifa, ila zote zikiwa zimelala Kasulu, Kibondo na Uvinza.

Viti maalum vinaingiaje kwenye hesabu?

Hapa mambo yanageuka, kwa sababu viti maalum vya wanawake vinagawiwa kwa uwiano wa kura za ubunge nchi nzima, na chama lazima kifikishe asilimia 5. Mwaka 2010 CHADEMA walipata 25, yaani vingi kuliko majimbo yao. CUF walipata 10. NCCR, pamoja na majimbo yao manne, hawakupata hata kimoja.

Mwaka 2020 ilikuwa kichekesho zaidi: CHADEMA jimbo 1, Nkasi Kaskazini, na viti maalum 19. ACT majimbo 4, yote yakiwa Pemba, viti maalum sifuri.

Kwa hiyo zile kura za mtu wa pili nilizosema zinapotea, hazipotei zote. Zinamwingiza mama mmoja bungeni kupitia orodha ya chama. Afrika Kusini wanafanya hivyo kwa bunge zima: mwaka 2024 ANC walipata asilimia 40 na kidogo, wakapewa viti 159 kati ya 400. Hakuna jimbo la kuibiana. Kwetu tumechanganya mifumo miwili na watu wengi, hata wagombea, hawajui ni upi unafanya kazi wapi.

2020 CCM walichukua majimbo 256 kati ya 264. Nako ni kugawana kura?

Hapana. Kugawana kura hakukupi namba hiyo.

Sitaki kuzunguka. Kuanzia 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa, mbunge akiruhusiwa jimboni mwake tu, na hali ikawa hivyo mpaka Januari 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alipoondoa katazo. Chama cha upinzani ambacho hakina mbunge Muhambwe kilikuwa hakina namna ya kusimama Muhambwe. Halafu wakaja wale wa "kuunga mkono juhudi" za rais wa wakati ule: mbunge anahama chama, anapoteza kiti kwa mujibu wa Katiba, uchaguzi mdogo unaitishwa, anagombea tena kwa CCM. Ukonga na Monduli zilihama hivyo Septemba 2018. Hapa kwetu Machali na Kafulila, wakiwa tayari hawana viti, nao waliishia CCM. Buyungu ilirudi CCM Agosti 2018 baada ya Bilago kufariki, akashinda Christopher Chiza, yuleyule aliyekuwa nayo kabla ya 2015.

Kisha serikali za mitaa Novemba 2019: wagombea wa upinzani wakaenguliwa kwa wingi, CHADEMA na ACT wakajitoa, CCM wakazoa karibu kila mtaa na kijiji. Mwenyekiti wa mtaa ni mtu mdogo kwa macho ya Dar es Salaam. Kwa macho ya mtaa wetu wa Mwanga Kusini, hapa Kigoma Mjini, ndiye anayekuandikia barua ya utambulisho. Chama kisicho na wenyeviti wa mitaa kinaingia uchaguzi mkuu bila miguu.

Uchaguzi wenyewe ukaja na kuenguliwa kwingine, na wapinzani wakuu wakayakataa matokeo. Kigoma Mjini ikamwendea Kilumbe Ng'enda wa CCM. Nikiulizwa kama watu wa mjini walikuwa wamemchoka Zitto, nasema wengine ndiyo, nimewasikia kwa masikio yangu wakilalamika kwamba haonekani. Nikiulizwa kama kuchoka huko peke yake kunaeleza 256 kwa 8, nasema hapana.

Na 2025?

CHADEMA hawakuwemo: hawakusaini kanuni za maadili ya uchaguzi Aprili 2025 na Tume ikawaweka nje. Majimbo yalikuwa yameongezwa kufikia 272. Timu isipoingia uwanjani, sioni haja ya kuchambua magoli.

Kuongeza majimbo kunasaidia chama fulani?

Kunaweza. Ukilikata jimbo la mpinzani ili mji wake ukae upande mmoja na vijiji vyote viwe upande wa pili, umempa kimoja na umejipa kimoja. Ukilikata vibaya umempa vyote viwili. Majimbo yaliongezeka kutoka 239 mwaka 2010 hadi 264 mwaka 2015, ila Kigoma tulibaki na manane yetu, kwa hiyo mabadiliko ya hapa hayakutokana na kisu hicho.

Mwanangu anafuatilia Marekani. Anasema kule chama cha rais hupoteza viti katikati ya muhula. Kweli?

Mara nyingi sana, kweli. Wao wanachagua Baraza la Wawakilishi kila miaka miwili, kwa hiyo kuna uchaguzi rais akiwa katikati ya miaka yake minne. Wenye hasira wanatoka, walioridhika wanabaki kwenye makochi. Mwaka 2010 chama cha Barack Obama kilipoteza viti 63 vya baraza hilo. Mwaka 1998 na 2002 haikuwa hivyo, na bado wanabishana kwa nini.

Kwetu hakuna kitu kama hicho kwa sababu tunachagua rais, mbunge na diwani siku moja. Mwenye hasira hana siku yake. Anayo karatasi moja kati ya tatu, ndiyo ile aliyoitumia 2010.

Wakala ana kazi gani hasa? Si anakaa tu?

Nitakueleza usiku mmoja.

Darasa la shule ya msingi, madawati yamesogezwa ukutani. Umeme hakuna, taa ya chemli juu ya meza ya mwalimu na tochi ya simu ya mtu mmoja. Msimamizi wa kituo anakata lakiri, anamwaga karatasi, anainua moja moja kutuonyesha mawakala kabla ya kuiweka kwenye rundo lake. Saa sita usiku tunafika karatasi yenye alama mbili: vema kubwa kwa mgombea mmoja, na alama ya wino wa kidole kwa mwingine, kana kwamba mtu alijishika. Mimi nikasema imeharibika. Mwenzangu wa chama kingine akasema nia yake inaonekana. Tulibishana mpaka mgambo mlangoni akaamka. Msimamizi akaipeleka kwenye zilizoharibika.

Baada ya hapo Fomu namba 21B, ya ubunge. Zinaandikwa namba kwa tarakimu na kwa maneno, tunasaini, kila wakala anapewa nakala. Hii ndiyo kazi. Kura zikishaondoka kituoni kwenda kujumlishwa, kitu pekee ulicho nacho mkononi ni ile nakala. Wakala wa chama cha tatu alikuwa ameondoka saa tatu usiku kwa njaa, hakusaini, hakuchukua chochote. Kesho yake chama chake kikawa kinapiga kelele mjini kwamba kimeibiwa kituo kile. Huenda. Kithibitishe na nini?

Nakala nyingine inabandikwa nje kwa wananchi. Gundi ilikuwa imeisha, tukaibandika mlangoni kwa ugali uliobaki kwenye hotpoti ya karani. Kulipokucha nilipita tena kwenda nyumbani, mbuzi wa mwalimu mkuu alikuwa ameshamaliza kona ya chini, pale penye saini zetu. Nikajipapasa mfukoni, yangu ilikuwepo.